Kauli ya Kwanza

Mwalimu wetu wa mantiki tulimwita Kwa-Hiyo, na mwenyewe alijua. Ukisimama darasani ukasema neno lolote, hata kama umeomba ruhusa ya kwenda msalani, alikutazama juu ya miwani akauliza, "Kwa hiyo?" Mwezi wa kwanza nilimchukia. Nilikuwa nimeacha mtoto wa miezi saba nyumbani, maziwa yanalowesha blauzi hadi nalazimika kukumbatia begi kifuani, halafu mtu mzima na mvi zake ananiuliza kama meza iliyo mbele yangu ipo kweli. Nilitamani kumwambia aje aifute ya kwangu ikishamwagikiwa uji, ndipo ajue kama ipo.

Somo lilikuwa la lazima kwa kila anayesomea ualimu. Utangulizi wa Falsafa na Mantiki, mchana, kuanzia chakula kikishuka hadi jua linapoanza kupoa. Ukumbi wa mihadhara ulikuwa unavuja, kwa hiyo tulisomea kwenye iliyokuwa karakana ya useremala. Tulikaa kwenye meza ndefu zenye vibanio vya chuma bado vimefungwa pembeni, na ukipishanisha miguu vibaya unatoka na mchubuko. Vumbi la mbao halikuisha hata tulipofagia. Wanafunzi wengi walikuwa vijana waliotoka shule juzi, na waliniita Shangazi ingawa sikuwapita kwa miaka mingi. Niliwaacha. Mtu aliyekesha na mtoto anayeota meno hana nguvu ya kugombania ujana.

Kitu kimoja alichotufundisha Kwa-Hiyo lazima nikieleze, maana mengine yote yalitokana nacho. Alisema hoja ina umbo, na umbo halijali nani yumo ndani yake. Ukitaka kujua kama hoja imepinda, liache umbo kama lilivyo, badilisha jina tu. Mtoe anayeshukiwa, mweke mtu ambaye hakuna mwenye akili zake atamshuku. Hoja ikimtia hatiani na huyo, ujue ni mbovu, itupe.

Tulilifanya zoezi hilo kwa kelele, darasa zima. Mmoja anasema, "Fundi alipita hapa, kioo kikavunjika, kwa hiyo fundi ndiye aliyevunja!" Na sisi tunaitikia, "Badilisha jina!" Naye anaendelea, "Mkuu wa chuo alipita hapa, kioo kikavunjika, kwa hiyo mkuu wa chuo ndiye aliyevunja!" Hapo watu wanacheka hadi wanagonga meza. Kwa-Hiyo mwenyewe alikuwa hacheki, ila masikio yake yalisogea. Nami nilicheka. Nikaanza kulipenda somo, nikawa natembea njiani nabadilisha majina ya watu.

Tulikuwa tunaishi kwa mama mkwe, mimi na mume wangu. Nyumba ilikuwa yake, vyumba vitatu na ua. Alikuwa ameshona sare za wanafunzi maisha yake yote, na goti lake la kulia, la kukanyagia cherehani, lilikuwa limekwisha. Nilipopata nafasi ya chuo mume wangu alisita, lakini mama yake ndiye aliyenisukuma. "Nenda kasome, mwanangu," aliniambia. "Nimelea baba yake, nimelea na shangazi zake. Huyu mmoja atanishinda?" Sitaki mtu yeyote asome habari hizi akidhani nilikuwa na mama mkwe mbaya. Wapo wabaya, ninawajua, ila wangu alikuwa ananiwekea chakula kwenye sahani iliyofunikwa.

Wiki za kwanza mtoto alilia kila mchana. Nikirudi namkuta amevimba macho, na bibi yake amechoka hoi. Meno yalikuwa yanatoka. Halafu kilio kikakoma. Nikiuliza, mama mkwe ananijibu, "Amekula uji wake, amelala kama malaika." Nilimshukuru. Niliona mtoto amezoea.

Kisha akaanza kutapika. Akawa analala hata asipopaswa kulala, ukimwamsha anakutazama kama mgeni. Asubuhi moja nilimfungua nguo karibu na dirisha nikaona ngozi imegeuka rangi, na weupe wa macho haupo tena, ni manjano. Tulikimbia naye hospitali, mume wangu amembeba, mimi nyuma na kiatu kimoja kimekatika.

Daktari alikuwa binti mwenye sauti ya kuchoka. Alisoma majibu ya damu, akatuangalia mmoja mmoja. "Ini la mtoto limeumizwa na kitu," alisema. "Nikijua ni kitu gani, najua pa kuanzia. Amepewa dawa yoyote?"

"Hapana," akasema mama mkwe.

"Hapana," nikasema mimi.

Mume wangu akatikisa kichwa. Daktari akauliza tena, akataja za kienyeji na za dukani, za kunywa na za kupaka. Tukajibu vilevile. Akaandika, akaondoka kwa haraka.

Ni pale kwenye korido, mbele ya mlango wa wodi ya watoto, mama mkwe aliposema maneno ambayo baadaye yalitutesa sote. Alikuwa amesimama ameegemea ukuta, mkono kwenye goti. "Aliyemdhuru mtoto huyu," alisema, "awe nani awe nani, hatalala tena kwenye nyumba yangu." Tuliitikia wote. Mimi niliitikia kwa nguvu kuliko wote, maana nilikuwa na hasira na sikujua pa kuielekeza.

Siku iliyofuata akaja baba mdogo.

Baba mdogo wa mume wangu alikuwa karani wa mahakama hadi alipostaafu, na mahakama haijamtoka. Katika ukoo ule hakuna mazungumzo, kuna vikao. Hata kugawana nyama ya sherehe aliwahi kufungua kikao. Wakati wa madaktari kupita wodini wauguzi hututoa nje sote, kwa hiyo tulikuwa tumekaa kwenye mabenchi ya saruji nyuma ya wodi, mbele ya kamba za shuka za hospitali. Akasimama, akakohoa, akasema kikao kimefunguliwa.

"Nimeuliza kila mtu, nimepima," alisema. "Mtoto alikuwa mzima. Hakuna anayebisha. Mama yake akaanza chuo, akamwacha. Hakuna anayebisha. Baada ya hapo mtoto akaugua. Sasa mwenye macho haambiwi tazama. Na mama wa nyumba ameshatamka: aliyemdhuru mtoto halali nyumba ile. Kwa hiyo mama mtoto arudi kwao akatulize akili. Mtoto Mungu akimjalia kupona, atalelewa hapa na bibi yake."

Sikuamini masikio yangu. Nilimgeukia mume wangu. Yeye ni fundi wa mafriji, anaweza kusikia friji linakohoa kutoka ng'ambo ya barabara, lakini siku ile alikuwa anatazama viatu vyake kana kwamba hakuna aliyesema kitu. Nikajua niko peke yangu. Walikuwa wanataka kuninyang'anya mwanangu akiwa bado ana sindano ya maji mkononi.

Nilisimama.

"Baba mdogo," nikasema, "naomba niseme."

"Kikao kinakusikiliza."

"Hoja yako naielewa. Kabla ya jambo fulani mtoto alikuwa mzima, baada ya jambo hilo akaugua, kwa hiyo mwenye jambo hilo ndiye mkosaji. Sawa?"

"Sawa kabisa."

"Basi tuiache ilivyo, tubadilishe jina. Kabla sijaanza chuo, Mama hakuwa anamlisha mtoto. Nilikuwa namlisha mimi. Nilipoanza chuo Mama akaanza kumpa uji kila mchana. Baada ya hapo mtoto akaugua. Kwa hiyo Mama ndiye aliyemdhuru."

Nawaapia, nilikuwa nangoja wacheke. Darasani hapo ndipo watu hugonga meza. Nilimchagua yeye kwa kuwa ndiye mtu wa mwisho duniani ambaye ningeweza kumshuku, na ndivyo tulivyofundishwa.

Baba mdogo alikuwa amebaki mdomo wazi. Mume wangu ndiye aliyeinuka, kwa mara ya kwanza tangu tufike pale.

"Unamwambia nini mama yangu?"

"Ni mfano tu!"

"Mfano gani wa kumtukana mtu mzima? Ndiyo unachofundishwa huko?"

"Nimemtaja kwa sababu haiwezekani! Hujaelewa? Kwa kuwa haiwezekani, hoja ya baba mdogo ni..."

Hapo nilimtazama mama mkwe, nikitaka anisaidie kuwaeleza. Hakuwa amekasirika. Mtu akisingiziwa huja juu, na yeye alikuwa mwepesi wa kuja juu, hata muuza mkaa alimwogopa. Siku ile alikuwa ameushika mkoba wake mapajani kwa mikono miwili, midomo imekauka.

"Vidonge vya goti," alisema.

Hakuna aliyeelewa.

"Nilikuwa navisaga. Nusu, nachanganya kwenye uji. Meno yalikuwa yanamuuma, mwanangu, analia, anakutafuta, analia hadi anakosa pumzi. Nikaona kama vinanituliza mimi, vitamtuliza na yeye. Akawa analala. Halafu nusu ikawa haitoshi."

"Kila siku?" nikauliza.

"Kila siku ukienda chuo."

Nilimnyang'anya mkoba, nikaufungua, nikalipata boksi la vidonge kati ya leso na miwani, nikakimbia. Muuguzi alijaribu kunizuia mlangoni nikampita. Daktari alikuwa kwenye kitanda cha tatu. Alilisoma boksi pande zote, akaniuliza ni kiasi gani na kwa muda gani, nikamwambia nilichosikia. Hakufoka. Alimwita muuguzi, akataja dawa, akamwambia aende mwenyewe stoo asimtume mtu. Ndipo akanigeukia.

"Mbona jana hamkusema?"

Niliporudi nje nilimuuliza mama mkwe swali hilohilo. Alikuwa bado amekaa palepale, baba mdogo amehamia benchi jingine. "Aliposema dawa," alinijibu, "nilifikiri dawa za mtoto. Vile ni vyangu vya goti. Nilipokwisha kutamka lile neno koridoni, ndipo likaniingia. Nikaogopa." Alinitazama. "Niliogopa kuliko nilivyowahi kuogopa, na wewe ulikuwa umesimama hapo hapo."

Tulikaa hospitali siku nyingi. Manjano ilianza kuondoka polepole, kwanza usoni, mwisho machoni. Siku mtoto aliponivuta nywele ili anyonye nililia hadi mama wa kitanda cha jirani akadhani kuna msiba. Daktari alisema ini la mtoto mdogo lina moyo wa kupona, lakini turudi kupimwa, na hakuahidi zaidi ya hapo. Mama mkwe hakuja hata mara moja. Alikuwa anatuma chakula kwa mume wangu, kwenye sahani iliyofunikwa, na mimi nilikuwa nampa mama wa kitanda cha jirani.

Na kikao? Hakikuitishwa. Baba mdogo alipatwa na mafua. Mume wangu aliniambia mambo ya familia yapoe kwanza, mama ni mama, alifanya kwa mapenzi. Nilipokuwa mshukiwa mimi, hawakungoja chochote kipoe. Mkuki kwa nguruwe mtamu, kwa binadamu mchungu; nimelisikia neno hilo tangu utotoni, na sikujua kwamba kwenye ile nyumba nguruwe ni mimi.

Nilimwambia mume wangu nitaondoka na mtoto ikiwa lile neno halitatimizwa. "Neno lipi?" akauliza. Nikamwambia lile la koridoni. Akashika kichwa.

Siku moja kabla ya kutoka hospitali nilipita chuoni kuomba nipewe mtihani wa mantiki niliokosa. Nilimkuta Kwa-Hiyo peke yake karakanani, anafuta ubao. Nilimsimulia yote, sijui kwa nini, labda kwa kuwa ndiye pekee ambaye angeuelewa ule mfano. Aliposikia nilivyobadilisha jina, macho yalimng'aa.

"Lakini huo ni mfano mzuri mno!" alisema. "Hoja mbovu, hitimisho la kweli! Miaka yote nawatafutia wanafunzi mfano kama huo. Utaniruhusu niutumie?"

"Huyo ni mwanangu," nikasema.

Alisimama na kifutio mkononi. Uso wake ulikunjamana, na nikaona kwamba ni mzee kuliko nilivyodhani. "Nisamehe," alisema. Nilipoaga alikuwa bado hajaniambia "kwa hiyo." Nilikuwa mlangoni aliponiita.

"Ile hoja ya mzee wenu ilikuwa na kauli mbili. Fulani amemdhuru mtoto, hiyo ni ya pili. Aliyemdhuru mtoto aondoke, hiyo ndiyo ya kwanza. Ya pili uliivunja. Ya kwanza nani aliikagua?"

"Ilikuwa ya haki," nikasema kwa ukali.

"Inawezekana," akasema, akarudi kufuta ubao.

Tulirudi nyumbani mchana. Mume wangu alitufungulia mlango, akasema anakwenda kununua mkate, na kwa jinsi alivyoondoka nikajua mkate utachukua muda. Mtoto alikuwa amelala. Nilimlaza chumbani kwetu, nikasikia kitu kinaburutwa chumba cha pili.

Mama mkwe alikuwa anafunga mizigo. Mfuko mkubwa, ule aliokuwa akipelekea sare shuleni, ulikuwa wazi kitandani, nguo zimekunjwa ndani kama za dukani. Cherehani ilikuwa imefunikwa kitambaa. Alikuwa anachechemea vibaya sana, kutoka kabatini hadi kitandani anashika ukuta, kisha kiti.

"Unakwenda wapi?" nikauliza.

"Kwa dada yangu. Ameshanitengea chumba." Hakunitazama. "Nilisema mwenyewe. Aliyemdhuru mtoto hatalala nyumba hii. Sikusema 'isipokuwa mimi'."

Nilikuwa nimeyangoja maneno hayo. Wodini nilikuwa nayapanga usiku na mchana: mwenye kumdhuru mtoto aondoke, Mama amemdhuru, kwa hiyo Mama aondoke. Nilikuwa nimeikagua hoja hiyo pande zote na haikuwa na ufa. Sasa nilikuwa nimesimama mlangoni, na mwanamke aliyenisukuma nikasome alikuwa anahangaika na zipu. Nilitaka aende. Nilitaka hasa. Nami nikaona kwamba kama ningekuwa mimi niliyekosea kipimo, kama ni mimi niliyeona kilio cha mtoto kinanishinda nikasaga kidonge, ningekuwa nafunga mfuko uleule, na ningekuwa nimeitikia mwenyewe.

"Mama," nikasema. "Ile kauli ilikuwa mbovu."

"Ipi?"

"Ile ya korido. Kwamba aliyemdhuru aondoke, awe nani awe nani. Ilikuwa mbovu tangu siku ile. Kwa sababu yake ulishindwa kusema. Daktari alikuwa anauliza, mtoto anazidiwa, na wewe unajua ukisema huna nyumba."

Aliacha zipu. Alikaa kitandani kando ya mfuko, akanyoosha goti kwa mikono miwili kwa maumivu.

"Na ungekuwa ni wewe," akauliza, "mimi ningeona kwamba ni mbovu?"

Jibu alilitafuta mwenyewe, akiwa ameinamisha kichwa.

"Nisingeona," alisema. "Ningekusaidia kufunga mizigo."

Ukweli huo uliniuma kuliko vidonge. Sikumkumbatia, na asinidanganye mtu kwamba nilipaswa. Nilikwenda kitandani, nikauvuta ule mfuko, nikaanza kutoa nguo moja moja na kuzirusha kabatini bila kuzikunja, magauni, mitandio, leso, kila kitu, kwa hasira ambayo hadi leo haijaisha yote. Alinitazama tu. Chini kabisa ya mfuko nililikuta boksi la vidonge, jipya, halijafunguliwa.

"Lini umemeza mara ya mwisho?"

"Tangu siku ile sijavigusa."

Ndiyo maana alikuwa anashika ukuta. Nilichana boksi, nikatoa viwili, nikaleta maji kwenye kikombe, nikamshikisha mkononi.

"Meza, Mama," nikasema. "Hivi ni vya goti."